Dhabbu Nyumbani na Haki Yake ya Maji



Miongoni mwa barua zilizotufikia kwa ajili ya ukurasa huu imo moja itokayo Maskat, ya mama mmoja ambaye wazee wake walihamia huko kutoka Unguja. Anatueleza ya kuwa mwanawe, kijana wa miaka 14, alinunua dhabbu sokoni, akamtia katika sanduku la kioo lililokuwa la samaki, na sanduku akaliweka sebuleni karibu na kiyoyozi. Bibi wa kijana huyo humwekea mnyama bakuli la maji kila siku baada ya sala ya alfajiri, na kila magharibi hulikuta bakuli limejaa vilevile. Sasa puani mwa dhabbu pametokea unga mweupe, na macho yake yamedidimia. Bibi hana raha tena. Ameikumbuka khabari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka, naye anachelea asije akaulizwa juu ya kiumbe aliyekufa kwa kiu ndani ya nyumba yake. Mama anatuuliza mambo matatu: je, yafaa kumfuga mnyama huyu? Maji apewe vipi? Na je, si kheri akaachiliwe jangwani?

Maswali haya hayaihusu nyumba moja. Vijana wetu wengi walioko Ghuba, na walioko Ulaya na Marekani pia, siku hizi hufuga mijusi wa jangwani, na wazee wao hawajui waseme nini. Kwa hiyo tumeona tuyajibu kwa urefu kidogo.

Kwanza yatupasa tumtambue mnyama mwenyewe, maana jina lake limewachanganya wengi. Katika hadithi zilizofasiriwa kwa Kiswahili utamkuta mara ameitwa kenge, mara guruguru. Kenge siye. Kenge hula nyama, mayai na mizoga, na Waarabu wana jina lake mbali. Wala siye mjusi kafiri anayetambaa ukutani, ambaye kwa Kiarabu ni wazagh. Zile hadithi zilizokuja juu ya kumwua wazagh hazimgusi dhabbu hata kidogo, na mtoto atakayemrushia dhabbu jiwe kwa hoja hiyo amekosea mnyama. Dhabbu ni mjusi mnene, mwenye kichwa butu na mkia wa miiba iliyopangika pete kwa pete. Chakula chake ni majani, na nyumba yake ni shimo alilolichimba mwenyewe. Jamaa zake wameenea Sahara, Misri, Arabuni na hata Somalia. Oman yupo yule mkubwa, ambaye huweza kufikia urefu wa sentimita 60 au 70 toka pua hata ncha ya mkia, na yupo mdogo mwenye mkia mfupi wa mviringo, asiyepatikana ila kusini mwa Bara Arabu.

Mnyama huyu si mgeni katika khabari za Mtume wetu (s.a.w.). Imepokewa katika Bukhari na Muslim ya kuwa nyumbani kwa Bibi Maymuna, mkewe Mtume, paliletwa dhabbu wa kuchoma, zawadi ya nduguye Maymuna iliyotoka Najd. Mtume alipoambiwa ni nyama ya nini aliuondoa mkono wake. Khalid bin Walid, ambaye Bibi Maymuna alikuwa ndugu wa mama yake, akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, ila mnyama huyo hakuwako katika nchi ya watu wake, na kwa hiyo nafsi haikumpenda. Khalid akamvuta karibu akamla, na Mtume akitazama. Kwa dalili hiyo madhehebu ya Imam Shafi na maulamaa wengi wamesema dhabbu ni halali kuliwa, na wenzetu wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa wamemchukia.

Lakini mama hakutuuliza juu ya kumla. Katika kumfuga, maulamaa wameitegemea ile khabari ya Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, aliyekuwa na kidege chake cha kuchezea. Mtume alipokuja nyumbani kwao alimtania mtoto yule juu ya kidege, wala hakumkataza kuwa nacho. Wakasema yajuzu kumweka ndege au mnyama mdogo nyumbani kwa ajili ya kuifurahisha nafsi, maadam apewe haki yake. Na haki hiyo ndiyo aliyoivunja mwanamke wa paka. Tuitazame vizuri khabari yake. Hakulaumiwa kwa kuwa na paka. Alilaumiwa kwa kuwa alimfungia, kisha asimlishe wala asimnyweshe, wala asimwache akajitafutie mwenyewe katika vijidudu vya ardhi. Basi kosa ni kumzuilia kiumbe riziki yake kisha usimpe badala yake. Hapa ndipo linapozuka swali la dhabbu: riziki yake ya maji, alipokuwa huru, ilikuwa ni ipi? Bibi ametoa bakuli kwa moyo safi, na hapana ashuhudiaye nia yake ila atasema ni rehema. Lakini dhabbu hakuwahi kuwa na bakuli jangwani.

Waarabu wa mabedui walilijua jambo hili tangu zamani. Walipotaka kusema kuwa jambo fulani halitakuwa kamwe, walilipa miadi ya siku ile dhabbu atakapokwenda kisimani kunywa. Naye Kamaluddin ad-Damiri, aliyefariki mwaka 1405, katika kitabu chake Hayat al-Hayawan ameinakili kauli ya kuwa dhabbu huishi miaka 700, hanywi maji, na hukojoa tone moja tu kila siku 40. Miaka hiyo 700 tuwaachie wenyewe. Dhabbu aliyetunzwa vizuri huishi miaka 20 na zaidi kidogo, na huo si umri mdogo kwa kijana wa miaka 14 kuuchukua dhamana. Ama khabari ya tone, wale wazee waliona kitu cha kweli, ingawa hesabu yao si ya kushika.

Sisi binadamu tukinywa, sehemu kubwa ya maji hututoka kwa mkojo na jasho. Dhabbu hatoki jasho. Na zile taka ambazo sisi huzitoa zikiwa zimeyeyuka katika maji mengi, yeye huzitoa pamoja na kinyesi zikiwa kitu cheupe, laini, mfano wa chokaa mbichi, ambacho hakikuchukua maji ila kidogo mno. Majani ya jangwani nayo yana chumvi nyingi. Chumvi inayozidi mwilini huitoa kwa tezi zilizomo puani, kisha hupiga chafya, na ile chumvi ikikauka huonekana kama unga mweupe kwenye matundu ya pua. Kwa hiyo unga alioutia khofu bibi yetu si maradhi. Ni dalili ya kuwa tezi zinafanya kazi yake. Ukiwa mwingi hufutwa kwa kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu, na yamekwisha.

Basi maji yake huyapata wapi? Huyapata katika majani, maua na machipukizi anayoyala, na mvua inaponyesha huramba matone. Kisha huyalinda maji hayo kwa kukaa shimoni. Shimo la dhabbu huenda mita kadhaa chini ya ardhi, na kina chake hupita mita moja. Juu jua likiunguza changarawe, mle ndani mna ubaridi na unyevu, na pumzi yake haimkaushi. Asubuhi hutoka, hujianika juani hata mwili uwe moto sawasawa, hula, halafu hurejea chini.

Na jua lenyewe lina kazi katika maji yake. Tumbo la dhabbu halisagi majani mpaka mwili upate moto. Dhabbu aliyebaridi hukaa na majani tumboni yasiyosagika, na maji yaliyomo ndani ya majani hayo hayamfai kitu. Huyu wa Maskat anakaa mbele ya kiyoyozi mchana kutwa. Hata angaliwekewa majani mabichi ya kila namna asingaliyala, na asiyekula majani hanywi. Hii ndiyo sababu, kwa maoni yetu, macho yake yamedidimia ijapokuwa bakuli limejaa.

Bakuli nalo lina madhara yake, hasa katika mji wa pwani. Maskat ni mji wa bahari, hewa yake ni nzito kwa unyevu karibu mwaka mzima, na dhabbu ni wa nyanda kavu za bara. Ndani ya sanduku la kioo lisilopitisha upepo, bakuli la maji lililokaa usiku na mchana huzidisha unyevu ule. Kiumbe huyu akikaa katika ubaridi pamoja na unyevu huingiwa na maradhi ya mapafu. Wafugaji hawakubaliani wote katika jambo la bakuli. Wapo wasemao liwepo daima, wapo wasemao lisiwepo kabisa. Sisi twapendelea lile la kati, nalo tutalieleza punde hivi.

Tuanze na nyumba. Sanduku la samaki ni dogo, refu kwenda juu, na wazi kwa upande mmoja tu. Lilifanywa lishike maji, na huyu ni mnyama wa kukaa pakavu. Dhabbu wa aina ndogo anahitaji nafasi isiyopungua sentimita 120 kwa 60. Yule mkubwa wa Oman akishakua hatoshelewi na chini ya sentimita 240 kwa 120, yaani nafasi ya kitanda kikubwa na zaidi. Mwenye nyumba ya vyumba viwili na ajiulize kabla ya kununua. Sanduku la mbao lenye matundu ya waya mbavuni na mlango wa kioo mbele ni bora kuliko kioo kitupu, nalo fundi seremala yeyote aweza kulitengeneza.

Upande mmoja wa nyumba hiyo uwe wa moto na wa pili uwe wa kivuli, ili mnyama achague mwenyewe. Katika upande wa moto liwekwe jiwe pana, na juu yake itundikwe taa ya joto, hata uso wa jiwe ufikie digrii 48 hadi 52 za Selsiasi. Msomaji atastaajabu. Joto hilo ni la kuunguza mkono, lakini ndilo dhabbu analolitafuta, na akishashiba joto hujiondokea. Upande wa kivuli ubaki kwenye digrii 27 hivi, na usiku taa zizimwe zote, joto lishuke hata digrii 20 na kitu. Viwekwe vipima joto viwili, kimoja kila upande, kwa kuwa kimoja peke yake hakikuambii kama mnyama ana pa kukimbilia. Taa iwe juu ya wavu asipoweza kuigusa. Yale mawe ya umeme yauzwayo madukani kwa ajili ya mijusi tusiyanunue, maana humwunguza tumbo naye hajui kuondoka.

Baada ya joto ni nuru. Jua lina mionzi isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno, ambayo kwayo mwili wa dhabbu hutengeneza vitamini D na kuimarisha mifupa. Kioo cha dirisha huizuia mionzi hiyo. Kwa hiyo dhabbu aliyewekwa dirishani huona mwanga tu, na faida ya jua haimfikii. Zipo taa maalumu zitoazo mionzi hiyo, na yapasa zibadilishwe kila baada ya miezi 6 hadi 12, kwa sababu mionzi hwisha kabla ya mwanga kwisha, na mwenye taa akadhani ingali nzima. Walioko Oman wana jua la bure, na saa moja ya asubuhi katika kizimba cha waya, nusu yake ikiwa na kivuli, ni dawa kubwa. Lakini tahadhari! Asitolewe juani ndani ya sanduku la kioo hata kwa dakika chache. Kioo juani ni tanuri, na wanyama wengi wameuawa hivyo na watu waliowapenda.

Chini patandikwe udongo uliochanganywa na mchanga, ukashindiliwa vizuri. Kwa watoto wa dhabbu ni salama zaidi kutandika karatasi au vigae, kwani humeza mchanga pamoja na chakula ukawazibia matumbo. Kisha afanyiwe shimo lake. Kisanduku kidogo cha mbao au chungu kilicholazwa, chenye tundu moja la kuingilia, kiwekwe upande wa kivuli, na udongo uliomo ndani yake ulowanishwe kidogo tu, upate ubaridi usiwe tope. Shimo hili watu wengi hulisahau. Husikia kuwa huyu ni mnyama wa jangwani, wakamkaushia kila pembe, na ilhali yeye jangwani hulala penye unyevu.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe. Maji ya kila siku ya dhabbu yawe katika sahani ya majani. Majani yaoshwe, yasikamuliwe, apewe yangali na matone, asubuhi baada ya kuota moto. Majani ya haradali, jarjiri, kabichi kidogo, majani na maua ya hibiskasi, vipande vya boga na karoti iliyoparwa, vyote vyamfaa. Mchicha na spinachi apewe kwa nadra, kwa kuwa vina kitu kinachoishika chokaa ya mwili isifike mifupani. Dengu kavu, choroko na mtama huvipenda, lakini hivyo havina maji, wala visiwe ndicho chakula chake chote, kama tulivyosikia kwa baadhi ya watu. Wadudu hawahitaji. Majani yaliyonyauka yaondolewe jioni.

Bakuli liwe la kina kifupi, kama kisahani cha kikombe, na liwekwe upande wa kivuli mara moja kwa juma, asubuhi, kwa saa moja, halafu liondolewe. Watoto wa dhabbu wawekewe mara mbili au tatu, kwa kuwa mwili mdogo hukauka upesi. Wengi hawayajui maji yaliyotulia kuwa ni maji. Ukiyatikisa kidogo kwa kidole, au ukidondosha tone juu ya pua yake, huenda akaramba. Asiporamba, usimlazimishe. Kumfungua mdomo na kummiminia maji ni khatari, kwani hushuka kwenye njia ya pumzi akafa nayo.

Lakini yule ambaye macho yamedidimia, ngozi ya ubavuni ukiivuta haraka haiteremki, mate yake ni mazito yanayonata, na kile kitu cheupe kilichomo katika kinyesi kimegeuka kuwa kigumu na cha manjano, huyo ana kiu ya kweli. Atiwe katika beseni la maji ya uvuguvugu yasiyopita viwiko vyake, kwa muda wa robo saa, mtu akiwa amekaa karibu wala asiondoke. Kisha akaushwe kwa kitambaa na arudishwe chini ya taa, wala asilazwe usiku akiwa na maji mwilini. Fanyeni hivyo siku mbili tatu. Asipopata nafuu apelekwe kwa daktari wa wanyama, naye aweza kumtia maji kwa sindano chini ya ngozi. Twamwambia mama: kwa sifa ulizotuandikia, jambo hili lisingoje toleo lijalo. Mwondoeni leo mbele ya kiyoyozi, mpateni taa, na maji ya beseni yafuate.

Na tofauti moja iwekwe akilini na kila aliyemo nyumbani. Unga mkavu mweupe puani ni chumvi. Mapovu au kamasi puani, pamoja na kupumua kwa kufungua kinywa hali hayupo chini ya taa, ni maradhi ya mapafu, na hayo hayana dawa ya jikoni. Kijana anunue mizani ndogo, ampime dhabbu wake kila Ijumaa na kuandika katika daftari. Dhabbu hana sauti ya kulalamika. Uzito unaopungua juma baada ya juma ndiyo sauti yake.

Wasomaji wetu walioko Ulaya na Marekani aghalabu hawafugi dhabbu, bali mjusi mwenye ndevu wa Australia. Nchi hiyo haiwaruhusu wafanya biashara kuwatoa wanyama wake, hivyo wale wa madukani wamezaliwa mikononi mwa wafugaji. Huyu naye ni wa nchi kavu, ila hali yake ni nyingine: hula wadudu pamoja na majani, jiwe lake la moto latosha kuwa digrii 40 hivi, na kisahani cha maji safi chaweza kukaa katika upande wake wa kivuli maadam hewa inapita na maji yanabadilishwa kila siku. Pia hupenda kuramba matone yaliyonyunyizwa juu ya majani. Anayeyachukua maelezo ya mjusi mmoja akamfanyia mwingine humdhulumu bila ya kujua. Australia hiyohiyo yuko mjusi mdogo wa miiba ambaye akikanyaga mchanga wenye maji, maji hupanda kwa mifereji myembamba iliyo katika ngozi yake hata yakamfika kinywani. Na katika mchanga wa Arabuni yuko mjusi mdogo afanyaye mfano wa hayo kwa maji ya mvua. Subhanallah! Kila mmoja ameonyeshwa kisima chake.

Neno juu ya usafi. Mijusi huchukua vijidudu viitwavyo salmonela, visivyowadhuru wao lakini huwaharisha watu vibaya, na watoto walio chini ya miaka mitano, wazee na wenye mimba ndio khasa wa kuogopewa. Kila aliyemgusa dhabbu aoshe mikono kwa sabuni. Beseni lake liwe lake peke yake, wala lisioshwe katika sinki la vyombo vya kula. Kwa upande wa tahara, dhabbu aliye hai si najisi, na kanzu haiharibiki kwa kumgusa. Lakini kinyesi chake katika madhehebu ya Imam Shafi ni najisi, basi asiachwe kutembea penye miswala. Bibi anayemhudumia baada ya alfajiri amhudumie kwa nguo nyingine.

Limebaki swali la tatu, nalo ndilo zito. Dhabbu yule ametoka wapi? Dhabbu wote wamo tangu mwaka 1977 katika orodha ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea, uitwao CITES, ili wasivushwe mipaka bila ya kibali. Yule mkubwa wa Arabuni amehesabiwa na wataalamu kuwa katika khatari ya kupungua, kwa kuwindwa na kwa kuharibiwa ardhi yake. Na sheria ya Oman ya hifadhi za maumbile na wanyama wa porini, iliyotolewa kwa amri ya Sultani mwaka 2003, imekataza kuwaua, kuwawinda na kuwakamata. Yule mwuza soko huenda alimchimbua shimoni juzi tu. Kijana hakujua, na hatumlaumu. Ila sasa amejua, na kumfuga mnyama aliyepatikana kwa kuvunja sheria ya nchi si jambo ambalo hoja ya kidege cha Abu Umayr yaweza kulibeba.

Pamoja na hayo hatusemi akabwagwe jangwani. Dhabbu aliyedhoofika, aliyechukuliwa hapajulikani wapi, akiachwa mahali asipokuwa na shimo, katika ardhi ya dhabbu wengine, hufa kwa jua au kwa mbweha kabla ya siku chache kupita. Na kama ameambukizwa maradhi mjini atawapelekea wenziwe. Kitendo hicho chafanana na rehema, na kumbe ni kujiondolea mzigo. Shauri letu ni kuwa kijana na baba yake waende kwa Mamlaka ya Mazingira ya huko Oman, waeleze kwa ukweli namna alivyopatikana, na wafuate watakavyoambiwa. Hadi siku hiyo nyumba ile ndiyo iliyomfungia, na haki yake ya joto, majani na maji iko juu yao. Kama kijana bado ana hamu ya kufuga, na amtafute aliyezaliwa kwa mfugaji mwenye karatasi, au amfuge mbuzi kwa babu yake huko shamba, ambaye hahitaji taa.

Jambo la mwisho lawahusu wale wanaokwenda Unguja kwa mapumziko ya kiangazi. Nyumba hufungwa mwezi mzima, kiyoyozi huzimwa, na taa ya mnyama ikaachwa ikiwaka ndani ya chumba ambacho chenyewe kimekuwa tanuri. Jirani akiachiwa ufunguo na kuambiwa tu kwamba amwekee maji, atafanya kama alivyofanya bibi. Aandikiwe karatasi: saa ya kuwasha taa na ya kuzima, majani gani, bakuli siku gani, namba ya daktari, na aonyeshwe kwa macho siku mbili kabla ya safari. Asipopatikana wa kuaminiwa, mnyama ahamishiwe kwa mfugaji mwingine kabla ya kukata tikiti.

Katika toleo lijalo, inshaallah, tutajibu barua mbili juu ya kasuku wafungwao katika vizimba vidogo, na moja juu ya punda wa Lamu.

Wassalaam.